Enzi ya PS2 na Winning Eleven (2004–2007): maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa watu wanaoikumbuka miaka ile ya PlayStation 2 (PS2) na gemu la soka la Winning Eleven, ya mabenchi ya vibandani na pedi zenye kebo, na wanataka kuicheza tena sebuleni bila kupoteza pesa kwenye mashine mbovu. Majibu mengine ni marefu kwa sababu ndipo watu wanapoharibu vitu. Mengine yanaisha kwa sentensi chache.

Kwa nini 2004 hadi 2007 hasa, wakati PS2 ilitoka 2000?

PS2 ilizinduliwa Japani tarehe 4 Machi 2000, Marekani tarehe 26 Oktoba, na Ulaya tarehe 24 Novemba mwaka huohuo. Lakini mashine kutoka ni jambo moja, kukomaa ni jingine. Vibanda vingi vya Afrika Mashariki viliendelea kwa muda mrefu na PS1 na Winning Eleven 2002, ile yenye menyu za Kijapani ambazo watu walizijua kwa nafasi yake kwenye skrini tu. Mwaka 2004 mambo matatu yalikutana: PS2 nyembamba iliingia sokoni, Grand Theft Auto: San Andreas ikatoka Oktoba, na kampuni ya Konami ikatoa gemu la soka la PES 4 (Pro Evolution Soccer). PES 5 ikafuata Oktoba 2005 na PES 6 Oktoba 2006. PS3 ilizinduliwa Novemba 2006, na kuanzia hapo watengenezaji wakahamishia nguvu zao huko.

PS2 haikufa siku hiyo. Iliendelea kutengenezwa hadi mwanzoni mwa 2013, na ilipata hata PES 2014. Ila kilele cha soka lake ni miaka hii minne, na hilo tunalisimamia.

Winning Eleven na PES ni magemu mawili tofauti?

Ni gemu moja lenye majina mawili. Konami waliuza Japani kwa jina la Winning Eleven na Ulaya kwa jina la Pro Evolution Soccer. Winning Eleven 9 ni PES 5, na Winning Eleven 10 ni PES 6. Ndiyo maana kibanda kimoja kiliita "Winning" na jirani yake akaita "PES", na wote walikuwa sawa. Kichwa cha kazi hiyo kwa miaka mingi alikuwa Shingo Takatsuka, anayejulikana kwa jina la Seabass.

Nikitaka moja tu, nichukue PES 5 au PES 6?

PES 5 ni ngumu zaidi na ina mwili: ukimgusa mtu vibaya refa anapuliza, mpira mrefu unahitaji hesabu, na beki mzuri anakaa mbele yako kweli. Kasoro yake kubwa ndiyo hiyo filimbi, inayokatiza mchezo mara nyingi mno. Arsenal na Chelsea zina leseni kamili (majina na jezi halisi), na Inter ina Adriano na Obafemi Martins pamoja, jambo ambalo liligombanisha mabenchi mengi.

PES 6 ni laini na ya haraka. Refa analegeza, unaweza kupiga faulo ya haraka kabla wapinzani hawajajipanga, na mashuti yanatoka safi. Adriano ana nguvu ya shuti 99, na mtu akipata nafasi ya mguu wa kushoto nje ya boksi, golikipa anabaki shahidi. Arsenal na Manchester United zina leseni, Chelsea imekuwa London FC, Liverpool ni Merseyside Red, na Ujerumani imebaki na Bayern peke yake kwa sababu leseni ya Bundesliga ilipotea.

Kwa watu wawili wanaojuana mchezo, PES 5. Kwa kundi lenye mchanganyiko wa wazoefu na wageni, PES 6. Kama unainunua PES 6, chukua ya PS2 na si ya Xbox 360, kwa sababu ile ya 360 ilipunguzwa sana sehemu ya kuhariri.

Pesa yangu ni kidogo. Nianze kununua nini?

Pedi kwanza. Watu wengi wanamaliza pesa kwenye mashine safi kisha wanachezea pedi bandia, halafu wanasema gemu halina ladha kama zamani. Ladha unaipata kwenye vidole. Mpangilio wetu ni huu: pedi mbili halisi, kisha TV ya chogo, kisha mashine inayosoma diski za DVD bila kusitasita hata kama ganda lake limechubuka, kisha memori kadi halisi ya MB 8.

Nichukue PS2 nene au nyembamba?

Angalia namba iliyo nyuma au chini ya mashine, inaanza na SCPH. Nene ni za mfululizo wa 10000 hadi 50000. Nyembamba ni 70000 hadi 90000. Tarakimu ya mwisho inaonyesha soko: 0 ni Japani, 1 ni Marekani, 3 ni Uingereza, 4 ni Ulaya.

Nene ina nafasi nyuma ya kuingiza diski kuu (kuanzia 30000), usambazaji wa umeme uko ndani, na bodi yake ni rahisi kwa fundi kuifikia. Trei yake husukumwa na gia. Ikikwama au ikitoka nusu, mara nyingi ni kazi ndogo kwa fundi. Nyembamba ni tulivu, inakula umeme kidogo, na unafungua kifuniko unaiona lenzi moja kwa moja, hivyo kusafisha ni dakika chache. Za 70000 zina adapta ya nje. Za 90000 umeme uko ndani.

Kwa mtu anayetaka kucheza diski tu, nyembamba ya 77000 au 79000 inatosha. Kwa anayetaka kuweka magemu kwenye diski kuu ya ndani, tafuta nene ya 39000 au 50000.

Nimeletewa mashine ya Japani. Naweza kuichomeka ukutani?

Usichomeke kabla ya kusoma kibandiko. PS2 nene ya Japani ni ya volti 100, ya Marekani ni 120, na umeme wetu ni 230 hadi 240. Ukichomeka moja kwa moja, fyuzi au usambazaji mzima unaungua papo hapo. Unahitaji transfoma ya kushusha umeme, ya wati 100 au zaidi. Nyembamba yenye adapta ya nje ni afadhali: soma kwenye adapta, ikiwa imeandikwa 100–240V inafanya kazi bila transfoma.

Adapta ya nyembamba hutoa volti 8.5. Fundi akikupa ya kompyuta mpakato au ya volti 12 "kwa sababu tundu linaingia", kataa. Volti za ziada zinaingia kwenye bodi.

Nikiwa dukani, nipime nini kabla ya kutoa pesa?

Iwe Kariakoo ya Dar es Salaam, Luthuli Avenue ya Nairobi au kwa mtu mtaani, nenda na vitu vitatu: diski moja halisi ya DVD, diski moja ya CD (zile zenye mgongo wa bluu, nyingi za miaka ya mwanzo), na memori kadi.

Washa mashine na uiache dakika kumi na tano gemu likiwa linaendelea. Leza iliyochoka husoma vizuri ikiwa ya baridi kisha huanza kusitasita ikipata moto, kwa hiyo jaribio la dakika mbili halikuambii kitu. Sikiliza: mlio wa kwenda na kurudi unaojirudia ni leza inayotafuta njia. Jaribu CD na DVD zote mbili, kwa sababu ndani ya kichwa kimoja cha leza kuna miale miwili, mmoja wa CD na mmoja wa DVD, na mmoja unaweza kufa mwingine ukabaki mzima. Muuzaji akikuonyesha inasoma CD tu, hajakuonyesha mashine nzima.

Sevu kitu kwenye nafasi zote mbili za memori kadi. Chomeka pedi kwenye matundu yote mawili. Zima, washa tena, uone kama saa imebaki ilivyokuwa. Ikirudi nyuma, betri ya CR2032 imeisha. Hilo ni jambo dogo, lisikuzuie kununua, ila lishushe bei.

Ile skrini nyekundu inamaanisha nini?

Mashine imeshindwa kuitambua diski kama ya PlayStation. Sababu ni tatu: diski ni nakala na mashine haina chipu ya kuchezea nakala, diski ni ya eneo jingine, au leza haisomi vizuri sehemu ya mwanzo ya diski. Angalia kodi iliyochapwa kwenye diski: SLES na SCES ni Ulaya, SLUS na SCUS ni Marekani, SLPM na SLPS ni Japani. Mashine ya Ulaya isiyoguswa haitacheza SLUS hata diski ikiwa mpya kabisa. Kama kodi inalingana na diski ni halisi, basi kosa liko kwenye lenzi au uchafu.

Diski haisomi. Nifanye nini kabla ya kwenda kwa fundi?

Anza na diski: ifute kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda nje, mstari ulionyooka, kamwe si kwa kuzungusha. Kisha lenzi:

1. Chomoa umeme, subiri dakika chache. Nyembamba, fungua kifuniko. Nene, inabidi kufungua ganda na kifuniko cha kiendesha diski.
2. Pata spiriti ya isopropili ya asilimia 90 kwenda juu, ile mafundi simu wanayosafishia bodi. Ya asilimia 70 ina maji mengi na huacha ukungu. Thina na petroli zinaharibu lenzi, kwa sababu ni ya plastiki.
3. Lowesha kijiti cha pamba kidogo, kisiwe kinachuruzika. Zungusha juu ya lenzi bila kukandamiza. Inakaa juu ya chemchemi laini sana.
4. Kausha kwa kijiti kikavu, subiri dakika tano.
5. Angalia reli mbili ambazo kichwa kinatelezea. Kama grisi imekauka na kuwa ya kahawia, ifute na uweke tone dogo la grisi nyeupe. Mafuta ya nazi na ya cherehani yanavuta vumbi, baada ya mwezi mambo yanakuwa mabaya kuliko mwanzo.

Kama bado haisomi, badilisha leza. Nyembamba za 70000 hadi 77000 kwa kawaida hutumia PVR-802W, na za 79000 na 90000 hutumia TDP-082W. Leza mpya huja na tone la risasi ya kulehemu linalounganisha nukta mbili ili kuilinda na umeme tuli. Fundi asipoliondoa baada ya kuifunga, leza haitawaka na atakwambia umenunua mbovu.

Kuna mafundi wanaokimbilia kuzungusha kile kiskrubu kidogo kwenye leza ili kuiongezea nguvu. Inasoma kweli, wiki au mwezi, kisha inakufa moja kwa moja kwa sababu imefanyishwa kazi kupita uwezo wake. Mkatalie.

Diski zangu zinatoka na mchoro wa duara. Kwa nini?

Kwenye nyembamba, tazama ule utepe bapa wa leza. Ukipanda juu unakwaruza diski inapozunguka, na baadaye hata utepe wenyewe unachubuka na kuleta shoti kwenye bodi. Ulaze chini na uubane kwa kipande cha gundi ya utepe, ukihakikisha kichwa bado kinatembea mwanzo hadi mwisho. Sababu ya pili ni kusogeza au kusimamisha mashine ikiwa inazungusha diski.

Nitajuaje pedi halisi, na ya zamani inatengenezeka?

DualShock 2 halisi ina uzito, nyaya zake haziwi ngumu kama plastiki ya bomba, na vitufe vyake vinahisi mkandamizo: ukigusa kidogo ni tofauti na ukibonyeza kwa nguvu. Pedi nyingi bandia zinajua "ndiyo" na "hapana" tu. Angalia pia maandishi: kwenye halisi yamekaa sawa na makali, kwenye bandia yamefifia au yameinama.

Kwa soka la enzi hiyo vinavyochakaa mapema ni mishale ya kushoto, R1 na mraba. Watu walikimbia kwa mishale na si kwa fimbo, na kidole cha kulia hakikutoka R1.

Kitufe kikigoma, fungua skrubu za nyuma. Ndani utakuta utepe wa plastiki wenye mistari myeusi. Mara nyingi kinachokosea ni pale utepe huo unapokutana na bodi: kuna kisponji kinachoubana, na kikilegea baada ya miaka, kundi la vitufe linakufa kwa pamoja. Weka kipande chembamba cha karatasi iliyokunjwa au tabaka mbili za gundi ya utepe juu ya kisponji ili ubane tena, funga, jaribu. Kama ni kitufe kimoja tu, safisha raba yake na mstari mweusi wa chini yake kwa spiriti kidogo bila kusugua sana, maana kaboni ikitoka imetoka. Usipoteze pedi halisi kwa sababu ya kisponji. Hazitengenezwi tena.

Mkitaka kucheza wanne, kumbuka kigawanyishi cha pedi (multitap) cha nene (SCPH-10090) hakiingiliani na cha nyembamba (SCPH-70120).

TV ya kisasa inafaa, au lazima ya chogo?

TV ya chogo inachora picha papo hapo inapopokea ishara. TV bapa inapokea ile picha ya mistari 480 au 576, inaiunganisha, inaikuza, ndipo inaionyesha. Ucheleweshaji huo ni mdogo kwa filamu, lakini kwenye penati na kwenye kukaba unauona. Unabonyeza X kukata mpira, mchezaji anaondoka baada ya mpira kupita. Watu wanajilaumu kuwa vidole vimezeeka, kumbe ni TV.

Chogo ya inchi 21 yenye matundu ya manjano, meupe na mekundu inatosha kabisa. Usiifungue: bomba lake hubaki na umeme mkali hata ikiwa imechomolewa.

Ukiwa na bapa tu, fanya haya. Washa hali ya gemu kwenye TV. Zima viboreshaji vyote vya picha. Tumia kebo ya komponenti, yenye vichwa vitano, badala ya ile ya manjano. Kama TV ina HDMI pekee, vile viadapta vidogo vinavyochomekwa nyuma ya PS2 vinafanya kazi, ila kwanza ingia kwenye mipangilio ya mashine ukitumia kebo ya manjano na uchague Y Cb/Pb Cr/Pr badala ya RGB. Usipofanya hivyo rangi zitakuja za ajabu na utadhani adapta ni mbovu. Zipo TV zinazokataa kabisa ishara ya mistari iliyogawanyika. Hapo hakuna mpangilio utakaosaidia, jaribu TV nyingine.

Picha inakuja nyeusi na nyeupe.

Diski ni ya NTSC (mfumo wa picha wa Marekani na Japani) na TV yako ni ya PAL (mfumo wa Ulaya na wa kwetu) pekee. Chogo za baadaye zilikuwa na mfumo wa aina nyingi. Tafuta kwenye menyu sehemu ya rangi na uweke Auto au NTSC. Kebo ya komponenti au ya SCART ya RGB pia inaondoa tatizo hili. Na diski za Ulaya zikikuuliza 50Hz au 60Hz mwanzoni, chagua 60 kama TV inakubali, kwa sababu magemu ambayo hayakurekebishwa vizuri hutembea pole kwa karibu asilimia 17 kwenye 50.

Memori kadi ya MB 64 au 128 ni bora kuliko ya 8?

Hapana. Sony walitoa ya MB 8, na gemu zote zilitengenezwa kwa hiyo. Hizi kubwa za bei nafuu ndizo zinazofuta Master League (ligi ya PES ya kujenga timu msimu hadi msimu) ya miezi miwili usiku mmoja. Nunua mbili za 8, moja ya data ya timu ulizohariri, nyingine ya sevu. Usichomoe wakati neno la kusevu liko kwenye skrini. Kadi ya PS1 haisevu magemu ya PS2, inasevu ya PS1 tu.

Jambo moja zuri ambalo wengi hawalijui: ile minara inayoonekana PS2 inapowaka inatokana na historia ya magemu iliyomo kwenye memori kadi yako. Kadi tupu haina minara. Kadi ya mtu aliyecheza sana ina mji mzima.

Leza imekufa na sitaki kubadilisha. Naweza kucheza bila diski?

Ndiyo, na kwa diski zako mwenyewe hii ndiyo njia ya kuziokoa zisiendelee kuchakaa. Unahitaji memori kadi iliyowekwa Free McBoot, ambayo hufungua mashine inapowaka, na programu ya Open PS2 Loader, maarufu kama OPL, inayosoma nakala ya gemu kutoka sehemu nyingine.

Tahadhari kuu ni kwa nyembamba za 90000: zile za mwishoni zenye BIOS (programu ya msingi ya mashine) 2.30 zilizibwa na Free McBoot haiwashi humo. Kwa hizo kuna FreeDVDBoot ya mwaka 2020, diski unayochoma mwenyewe inayotumia udhaifu wa kichezeshi cha DVD cha mashine. Choma kwenye DVD-R ya ubora mzuri, na uweke lugha ya mashine iwe Kiingereza. Lakini hiyo inahitaji leza iliyo hai, angalau kwa kuwashia.

Flashi ya USB ni rahisi, ila tundu la PS2 ni USB 1.1, takriban MB 1 kwa sekunde, wakati kiendesha DVD chake kinafika zaidi ya MB 5. Soka litaenda, video za utangulizi zitakatika katika, na San Andreas itachelewa kupakia mitaa unapoendesha kwa kasi. Nene yenye diski kuu ya ndani haina shida hiyo. Ukitumia flashi ya FAT32, faili haliwezi kuzidi GB 4, kwa hiyo magemu makubwa lazima yakatwe vipande. Matoleo mapya ya OPL yanakubali exFAT na kuondoa usumbufu huo.

Kompyuta au simu je?

PCSX2, programu ya kuiga PS2 kwenye kompyuta, ni nzuri sana leo, na picha inakuzwa mara kadhaa kuliko mashine yenyewe. Unahitaji BIOS iliyotolewa kwenye PS2 yako. Kwenye Android kulikuwa na AetherSX2, ambayo mtengenezaji wake aliacha kuiendeleza Januari 2023. Inahitaji simu yenye nguvu kweli. Wengi wanachokiona kwenye simu za vijana ni PPSSPP, na hiyo ni PSP, si PS2. Ina soka lake zuri, lakini usiitarajie ladha ya PES 5.

Master League inaniua na wale akina Castolo, wachezaji unaopewa mwanzoni. Nifanyeje?

Usiwauze wote siku ya kwanza. Ivarov golini, Stremer nyuma, Minanda katikati, Espimas pembeni, Castolo na Ordaz mbele: ni wazito, lakini mishahara yao ni midogo, na kinachofilisi timu mwisho wa msimu ni mishahara. Ukifika mwisho wa msimu pointi (ndizo pesa za Master League) hazitoshi kulipa, gemu limekwisha.

Minanda ndiye bora wao. Mpira upite kwake. Cheza pasi fupi, usikimbilie mbio kwa sababu huna wa kukimbia. Nunua kwanza beki wa kati mrefu na kiungo mkabaji, mshambuliaji aje baadaye. Tafuta vijana wa miaka 18 hadi 20 wenye mshahara mdogo, wapewe mechi, wanapanda haraka. Na soma mishale ya hali kabla ya kila mechi: Castolo mwenye mshale mwekundu wa juu ni mtu tofauti kabisa na Castolo mwenye mshale wa chini.

Nimesahau vitufe. Nikumbusheni vya PES 6.

X pasi fupi, duara mpira mrefu na krosi, mraba shuti, pembetatu pasi ya kupenyeza, R1 mbio. L1 na X ni pasi ya nenda-rudi. L1 na pembetatu ni ya kupenyeza ya juu. L1 na mraba ni kumchopea kipa. Mraba kisha R2 wakati nguvu inapanda ni shuti la chini la kuweka. Mraba kisha X haraka ni shuti la uongo, na hiyo ndiyo silaha ya kibandani: beki analala, wewe unapita. Kuzungusha mwili, zungusha fimbo ya kushoto duara kamili. R1 na R2 pamoja hufuta amri uliyokwisha kuitoa na kukuachia mchezaji umwongoze mwenyewe. Ukiizoea, utawahi mipira ambayo mwenzako anaisubiri.

Simba na Yanga, au Gor Mahia, zinaingiaje?

PES 6 ina timu 18 zisizo na jina halisi zilizobaki baada ya Bundesliga kuondoka. Ingia sehemu ya kuhariri, badilisha jina, jezi na nembo (nembo unaichora nukta kwa nukta, tenga jioni nzima), kisha tengeneza wachezaji mmoja mmoja. Kuwa mkweli kwenye namba. Ukimpa kila mtu 90 na kitu, timu inakosa sura na mwenzako atakataa kucheza nayo. Ukimaliza, nakili data hiyo kwenye kadi ya pili kabla ya jambo lingine lolote.

Kodi za siri (cheat) za San Andreas bado zinafanya kazi?

Kwenye diski ya PS2, ndiyo. Afya, kinga na dola 250,000: R1, R2, L1, X, kushoto, chini, kulia, juu, kushoto, chini, kulia, juu. Seti ya kwanza ya silaha ni ileile, badala ya X weka R2. Ya kuruka kwa mtambo wa mgongoni: kushoto, kulia, L1, L2, R1, R2, juu, chini, kushoto, kulia. Ingiza wakati CJ, mhusika unayemwongoza, anatembea, si kwenye menyu. Usisevu ukiwa umetumia kodi nyingi, zipo zinazokaa kwenye sevu na kuharibu misheni baadaye.

Tunataka kuandaa bonanza la watu wanane. Mpangilio upi unafaa?

Mashine moja na TV moja zinatosha. Weka mechi ya dakika 10; ya 5 inaisha kabla mtu hajaingia mchezoni, ya 15 inawachosha wanaosubiri. Ukihesabu marudio, mapumziko na kuchagua timu, kila mechi inakula karibu robo saa. Makundi mawili ya wanne ni mechi 12, nusu fainali mbili na fainali moja: mechi 15, kama saa nne. Zima muda wa nyongeza kwenye makundi, uwashe kwenye mtoano pamoja na penati.

Hali ya wachezaji iwekwe sawa kwa timu zote mbili, vinginevyo mtu atatolewa na mshale badala ya mpinzani. Kubalianeni mapema kama timu mbili zinaweza kuwa sawa, na kama timu za magwiji zimeruhusiwa. Sisi tungezipiga marufuku. Kusimamisha gemu kunaruhusiwa mpira ukiwa nje tu. Kila mtu anacheza kwa pedi zilezile mbili za nyumbani, na wanabadilishana upande kila mechi, ili pedi yenye R1 nzito isimwangukie mtu mmoja usiku kucha. PS2 nyembamba iwekwe mbali na miguu. Na feni ielekezwe kwenye mashine, wachezaji wafungue dirisha.